Barua kwa Mwanangu: Fungate Ambayo Hukuipata

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa kuwa maswali yako umeyafukia ndani ya malalamiko na ilinibidi niyafukue. Nimepata mawili. La kwanza: wenzako waliotangulia kuhama walikuambia kuwa miezi ya mwanzo katika nchi mpya ni fungate, kila kitu kinapendeza, uchungu huja baadaye; mbona wewe uchungu ulikupokea uwanja wa ndege? La pili umeliweka mwisho kabisa, baada ya kumsalimia mdogo wako, kana kwamba hutaki nilione: ikiwa nchi yenyewe ndiyo hii uliyoiona, je, urudi?

Nitakaa sana kwenye la kwanza. La pili halijibiki mpaka hilo lieleweke.

Habari ya fungate ina asili yake, na wanaoisimulia wengi hawaijui. Mwaka 1955 mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha matokeo ya mahojiano na Wanorwe zaidi ya 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi sita walisema mambo yaliwaendea vyema. Waliokaa kati ya miezi sita na kumi na minane ndio waliohangaika. Waliokaa zaidi ya hapo walikuwa wametulia tena. Ukichora hayo unapata mstari unaoshuka kisha ukapanda, mfano wa herufi U. Miaka mitano baadaye Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyewahi kufanya utafiti wake Ankole, Uganda, akaandika makala fupi kuhusu mshtuko wa kuingia katika utamaduni mgeni. Huyo ndiye aliyeipa hatua ya kwanza jina la fungate. Tangu hapo vijitabu vya wahamiaji na wanafunzi vinalirudia hilo kama sala.

Lakini tazama jinsi jambo lilivyopimwa. Lysgaard aliwahoji watu waliokwisha kurudi kwao. Hakumfuata mtu mmoja tangu siku aliyoshuka ndegeni hadi mwaka wa pili. Aliyekaa miezi mitatu na aliyekaa mwaka mzima walikuwa watu wawili tofauti, na wote wawili walikuwa wanakumbuka. Nawe unajua kumbukumbu ya safari inavyopata sukari mtu akishafika nyumbani. Mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake walichapisha utafiti wa namna nyingine: waliwafuata wanafunzi wa Kijapani waliokwenda New Zealand, wakawapima ndani ya saa 24 za kufika, kisha wakawarudia mara kadhaa hadi mwaka ukatimia. Dhiki ilikuwa kubwa kuliko wakati wote pale pale mwanzoni, ikaendelea kupungua. Fungate haikuonekana.

Kwa hiyo hujakosa kitu ambacho wenzako walipewa. Wengine huanza na furaha, wengine huanza kama wewe, na pengine wapo walioanza kama wewe kisha wakasahau. Muulize yule rafiki yako aliyekusimulia fungate akuonyeshe ujumbe aliokuwa akiwaandikia ndugu zake wiki ya kwanza.

Oberg huyo huyo, pamoja na hilo la fungate, aliorodhesha dalili ambazo zilinifanya nicheke kidogo nilipoziweka kando ya barua yako. Mtu aliyeshtuka, alisema, hunawa mikono kupita kiasi, huyashuku maji ya kunywa, chakula na hata matandiko, huogopa kuibiwa au kupunjwa, huona kila kipele ni ugonjwa mkubwa, hutazama mbali bila kuona kitu, na hutamani nyumbani mpaka moyo unauma. Wewe umeniandikia kwamba unahesabu chenji mara mbili mbele ya keshia, na kwamba hunywi maji ya bomba ambayo jengo zima linayanywa. Sikukejeli. Nakuambia tu kwamba mtu mwingine aliyaandika hayo kabla hujazaliwa, kabla hata sijazaliwa mimi.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka ulishike, maana barua yako imechanganya vitu viwili ambavyo havistahili imani sawa. Umeniandikia yale uliyoyaona, ukaniandikia na tabia za watu wa huko. "Watu wanapishana na mimi kwenye ngazi bila neno." Hilo umeliona, naliamini. "Watu wa huku hawana moyo." Hilo hukuliona popote, umelitunga usiku ukiwa umechoka. Macho ya mgeni ni makali sana juu ya mambo: milango, saa, foleni, kelele, umbali kati ya mtu na mtu, nani hukaa wapi, nani hunyamaza nani akizungumza. Juu ya mioyo ya watu macho hayo hayafai kabisa, na wiki za kwanza ndizo mbaya zaidi.

Sababu zake ni nyingi, na nyingine hazina uhusiano wowote na nchi hiyo. Kuna usingizi. Mwili ukivuka majira ya saa huchukua takriban siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti, na kwenda upande wa mashariki husumbua zaidi kuliko magharibi. Kuna msimu uliofikia. Mtu akihamia Tromsø, kaskazini mwa Norway, mwishoni mwa Novemba, hatalitazama jua mpaka katikati ya Januari. Akihamia mwishoni mwa Mei atakuta jua halizami kabisa. Mji ni ule ule, na wageni hawa wawili wataandika barua mbili ambazo huwezi kuamini zinasema juu ya watu wale wale. Wewe mwenyewe umefika kwenye msimu ambao wenyeji, umesema, wanakimbilia ndani. Hujaona bado wanapotoka nje.

Kuna na uchovu wa kufikiria kila kitu upya. Alfred Schütz alieleza hili vizuri kuliko wote niliowasoma, katika makala ya mwaka 1944 kuhusu mgeni. Alilijua jambo hilo kwa mwili wake: alikuwa Mwaustria aliyekimbia utawala wa Wanazi akafika New York mwaka 1939, mchana akifanya kazi ya benki, usiku akiandika falsafa. Alisema kila jamii ina namna zake za kufanya mambo ambazo mwenyeji hazifikirii, anazitumia tu, kama mtu anayepika chakula alichokizoea. Mgeni hana namna hizo. Kwake kununua tiketi ya basi ni tatizo la kutatua. Kujua kama utoe mkono au utikise kichwa ni tatizo. Kujua kama "tutaonana" ni ahadi au ni kuaga tu, ni tatizo. Ukijumlisha matatizo madogo ya siku nzima, unarudi chumbani saa kumi na mbili jioni umechoka kana kwamba ulibeba mizigo, na hujui kwa nini, kwa sababu ukitazama ulichofanya ni kununua sabuni na kupeleka fomu.

Na fomu zenyewe! Hapa nina la kusema zaidi, kwa sababu naona ndipo kisirani chako kilipoanzia. Hebu rudia barua yako uhesabu umezungumza na watu gani tangu ufike. Ofisa wa uhamiaji. Karani wa kusajili wakazi. Mtu wa benki aliyetaka uthibitisho wa anwani. Wakala wa nyumba aliyetaka akaunti ya benki ndipo akupe anwani. Mtu wa kampuni ya simu. Msimamizi wako wa kazi. Hao wote kazi yao ni kukagua, kuuliza karatasi na kukataa pale ambapo karatasi haijatimia. Mwenyeji wa kawaida hukutana nao mara chache kwa mwaka. Wewe umekutana nao wote ndani ya wiki chache, na hujakutana na mtu mwingine. Halafu unaniandikia kwamba taifa zima ni kali na halimwamini mtu. Umeihukumu nyumba kwa mlinzi wa getini, na mlinzi huyo huwafanyia hivyo hivyo hata watoto wa nyumba hiyo wakisahau kitambulisho.

Huo mzunguko wa akaunti na anwani, kwa njia, usiuone kama njama. Upo katika nchi nyingi, kwa kuwa sheria za benki na sheria za upangaji ziliandikwa na watu tofauti ambao hawakumfikiria mtu anayeanza na mikono mitupu. Mara nyingi kuna mlango wa pembeni: barua ya mwajiri, barua ya chuo, au bili ya mtu unayeishi naye. Usiishie kuuliza kama inawezekana. Uliza mtu aliyefika bila anwani hufanyaje. Swali la namna hiyo humlazimisha karani akupe njia.

Kuhusu yule wa posta aliyekusukumia stakabadhi bila kukutazama usoni. Robert Levine na Ara Norenzayan walichapisha mwaka 1999 utafiti wa kasi ya maisha katika nchi 31. Walipima mambo matatu: watu wanatembea kwa kasi gani barabarani, karani wa posta anachukua muda gani kuuza stempu, na saa za kwenye mabenki zina usahihi kiasi gani. Nchi za Ulaya Magharibi na Japan zilikuwa juu kwa kasi. Mexico, Indonesia na Brazil zilikuwa chini. Nimekutajia kwa sababu moja tu: mahali pa kasi, huduma ya haraka ndiyo heshima yenyewe. Karani anayekumaliza upesi anaona amekutendea wema, pamoja na walio nyuma yako. Mahali pengine karani huyo huyo angeonekana mjeuri. Na mgeni anayetoka mahali pa kasi akija hapa kwetu atasema watu wote wavivu, naye atakuwa amesema uongo mtupu kwa macho mazuri kabisa.

Umbali nao ni vivyo hivyo. Unasema ukimsogelea mtu kuzungumza anarudi nyuma hatua moja, na umeuona huo kuwa ni unyanyapaa. Edward T. Hall, aliyekuwa akiwafundisha wanadiplomasia wa Marekani katika miaka ya 1950, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye hatua hiyo moja. Mwaka 2017 watafiti wengi wakiongozwa na Agnieszka Sorokowska walichapisha vipimo vya nchi 42: mtu asiyekujua asimame umbali gani ili usikereke? Waargentina walitaka umbali mdogo kuliko wote, Waromania walitaka mkubwa kuliko wote. Hata wazungu kwa wazungu wanarudishana nyuma, mwanangu. Jaribu wiki moja kusimama pale anapokuacha yeye, usimfuate. Angalia kama uso wake utabadilika.

Sisemi kwamba kila kinachouma kimetokana na kutoelewa. Ubaguzi upo, na mama hawezi kukaa mbali akamwambia mwanawe kwamba anaota. Kanuni ninayoitumia mimi ni ya kawaida sana. Mtu mmoja akihama kiti basi likiwa tupu, sijui kwa nini amehama, na sitaipoteza jioni yangu kumtafutia sababu. Likitokea mara nyingi, kwa watu mbalimbali, nawe ukaona wenzako wa rangi nyingine hawatendewi hivyo, basi jicho lako limeona jambo, si moyo wa mtu mmoja, na hapo liamini. Andika tarehe na mahali.

Halafu yako mambo ambayo hayana haja ya kusubiriwa yarudie. Umegusia kwa sentensi moja tu kwamba mwenzako mnayekaa naye mwajiri wake amemchukulia pasipoti "kwa usalama", na ukaongeza kwamba huenda ndio utaratibu wao. Hapana. Shirika la Kazi Duniani lina orodha ya viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa. Kuzuiliwa hati za utambulisho kimo humo, sawa na kunyimwa mshahara, kutengwa na watu, vitisho, na deni lisilokwisha. Hii si mila ya nchi yoyote ya kuvumiliwa na mgeni mwenye adabu. Mwambie mwenzako aiombe pasipoti yake kwa maandishi, na akikataliwa aende kwenye chama cha wafanyakazi, kituo cha kuwasaidia wahamiaji au ubalozi wake. Kama anaogopa kwenda peke yake, msindikize. Nakwambia hivi kwa ukali kwa sababu nimeona wageni wakijifunza vizuri mno ule wimbo wa "tusiwahukumu, ni utamaduni wao", mpaka wanamezeshwa dhuluma ambayo mwenyeji asingeimeza hata dakika moja. Mwenye nyumba anayetaka fedha kabla hujakiona chumba naye ni wa kundi hilo. Huo ni wizi, na polisi wa huko wanaujua.

Nirudi kwenye kuhukumu. Unamkumbuka Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete? Alizaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka 1866, na mwaka uliofuata akafika Hamburg akiwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake bado alikuwa akijifunza kuisema. Hakuandika hukumu yake juu ya Wajerumani mwezi wa kwanza. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1886. Na humo ndani, penye habari za wanawake wa Mashariki, amewavalia njuga wasafiri wa Kizungu wanaokaa wiki chache Istanbul, Misri au Morocco kisha wanarudi kuandika kitabu cha kueleza watu wanavyoishi ndani ya nyumba zao. Alikuwa amekaa upande wa pili miaka karibu ishirini alipoyasema hayo. Yeye alikuwa na haki ya kulinganisha.

Usinielewe kwamba nakwambia unyamaze miaka ishirini. Kuna upande mwingine, na ndio unaonifanya nikuombe jambo la vitendo. Mfaransa Alexis de Tocqueville alikaa Marekani miezi tisa tu, tangu Mei 1831 hadi Februari 1832, tena alikuwa ametumwa kukagua magereza. Kitabu alichokitoa baadaye Wamarekani wenyewe wanakisoma hadi leo kujielewa. Aliyaona yale ambayo mwenyeji hayaoni kwa kuwa yuko ndani yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, nao hawakuwa wanazungumzia zawadi peke yake.

Macho hayo hayadumu. Baada ya miezi michache utapanda ngazi zile zile na hutaona tena kwamba watu hawasemi. Utakuwa nawe husemi. Kwa hiyo nunua daftari. Kila jioni andika ulichokiona, bila sifa. Usiandike "dereva mjeuri", andika "dereva alifunga mlango nilipokuwa hatua tatu, akaondoka, abiria hakuna aliyeshangaa." Hicho kipande cha mwisho, kwamba hakuna aliyeshangaa, ndicho dhahabu, na ungekipoteza kama ungeandika neno "mjeuri" ukafunga daftari. Mimi nilifanya hivyo wakati ule mimi na baba yako tulipokuwa nje, wewe hujaanza hata kusema. Daftari lile bado ninalo, na kurasa zenye mambo matupu ndizo ninazozisoma tena. Zile zenye sifa zinanieleza tu kwamba siku hiyo nilikuwa na njaa au homa.

Utakutana pia na wale waliotangulia muda mrefu. Wana wema mwingi: watakuonyesha duka la bei nafuu, watakuelekeza karatasi gani inaanza. Pokea yote hayo. Jihadhari tu wanapoanza "hawa watu nakwambia ndivyo walivyo". Kulikuwa na bwana mmoja tuliyemfahamu, amekaa miongo mingi, na kila mgeni aliyefika alimpa mhadhara ule ule juu ya wenyeji. Nikamsikiliza, nikagundua kwamba mifano yake yote ilikuwa ya mwaka wake wa kwanza. Hakuwa na hata mmoja wa karibuni. Hukumu ya wiki zile ilikuwa imemtosha, akaacha kutazama. Mtu wa namna hiyo ukimkuta, muulize kwa heshima: mara ya mwisho umekaa kitako na mmoja wao lini, mkazungumza nini? Kama ana jibu, msikilize kwa makini sana. Kama hana, mshukuru kwa chai.

Kuhusu upweke, ambao nadhani ndio unaosema kwa sauti kubwa kuliko mengine yote katika barua yako. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti uliohusu, pamoja na wengine, watu waliokuwa wamehama karibuni. Alikadiria kwamba huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu juu juu awe rafiki wa kawaida, saa 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 awe rafiki wa ndani. Sasa piga hesabu yako. Hakuna mtu hata mmoja huko ambaye umekaa naye saa kumi ukitoa za kazini. Unalia kwamba huna marafiki, na hesabu inasema bado usingeweza kuwa nao, hata kama mji wote ungekuwa umejaa malaika.

Saa hizo hazipatikani kwa kumwalika mtu usiyemjua; utajiumiza kwa kukataliwa. Zinapatikana kwa kurudi mahali pale pale, saa ile ile, na kuwakuta watu wale wale. Leon Festinger na wenzake walichunguza nyumba za wanafunzi wenye familia za chuo cha MIT, wakachapisha mwaka 1950: watu walifanya urafiki zaidi na jirani wa mlango wa pili kuliko wa milango michache mbele, na waliokaa karibu na ngazi na visanduku vya barua walipata marafiki wengi zaidi. Hawakuwa wacheshi kuliko wengine. Walipishana na watu tu. Kwa hiyo darasa la lugha la kila wiki, kwaya, timu ya mpira, swala au ibada, kazi ya kujitolea, chochote chenye ratiba. Usichague kwa kupenda sana. Chagua kwa kuweza kurudi.

Lugha nayo itakudhalilisha kwa muda. Wewe unayechekesha meza nzima nyumbani, huko unakuwa mtu wa sentensi fupi anayechelewa kucheka. Hilo linaumiza kuliko baridi, na hakuna anayekuonya. Wanaokuona wanadhani ndivyo ulivyo, mpole na mzito. Nao, tafadhali kumbuka, unawaona kwa uzito huo huo: utani wao hukupita, na mtu ambaye utani wake umekupita huonekana kavu.

Sasa swali la pili. Je, urudi?

Kurudi si aibu, na nalisema hili mapema ili lisikuzuie kufikiri. Wanahistoria wanakadiria kuwa katika uhamiaji mkubwa wa Wazungu kwenda Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, kati ya robo na theluthi ya waliokwenda walirudi makwao. Hawakuchongewa sanamu, kwa hiyo tunadhani wote walibaki. Basi chumba chako kipo, na hakuna mtu katika nyumba hii atakayekuuliza kwa kejeli.

Ila sitaki uamue sasa, kwa sababu ushahidi ulionao ni wa makarani na wa usingizi. Chagua tarehe, iwe baada ya msimu huu kwisha na mwingine kushika, uiandike kwenye jalada la daftari. Kabla ya tarehe hiyo swali la kurudi limefungwa; hulijadili nami wala na nafsi yako saa nane ya usiku. Ikifika, soma daftari kwanza, kisha ujiulize mambo yanayopimika: kazi inanijenga au inanila? Fedha inabaki? Kuna mtu hata mmoja akikosa kuniona siku mbili ataulizia? Afya? Majibu yakiwa mabaya, rudi, nami nitakuja uwanjani. Kuna hali mbili ambazo hazisubiri tarehe: ukiwa hauko salama, na ukiwa unaamka siku nyingi mfululizo hutaki kuamka. Hiyo hali ya pili usiifiche kwa kunionea huruma. Mwambie daktari wa huko, kisha uniambie.

Jambo moja linanigusa mwenyewe, nami nilitaka kulikwepa. Unanipigia kila jioni, na ninafurahi, napanga hata kazi zangu kwa saa hiyo. Lakini jioni ndiyo saa ambayo watu wa huko nao huwa huru. Tufanye mara tatu kwa wiki, na Jumapili tuzungumze kwa kirefu. Zile jioni nyingine nenda kwenye kitu chenye ratiba.

Mkataba wa chumba usiutie saini kabla hujaniambia mambo mawili: notisi ya kuhama ni ya muda gani, na amana inarudishwa kwa masharti gani. Piga picha za kila ukuta na kila bomba siku ya kuingia, zenye tarehe, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Mdogo wako anauliza kama anaweza kuchukua lile koti lako la bluu uliloliacha kabatini. Nimemwambia aombe mwenyewe, lakini nadhani ameshalivaa.

Mama yako